Subira na Shukrani Penye Machimbo



Tarehe 5 Oktoba, 2015, duara la dhahabu lilititia huko Nyangalata, katika wilaya ya Kahama, si mbali sana na sisi wa Kharumwa. Wachimbaji sita wakafungiwa chini, kadiri ya mita 100. Walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji machafu. Mmoja wao alifia humo humo. Tarehe 15 Novemba watano walitolewa wakiwa hai, baada ya siku 41.

Hesabu hiyo itazameni vyema. Katika nyumba zetu nyingi siku ya arobaini ndiyo siku ya kupika ubwabwa na kumsomea maiti hitma. Basi watu wale walikuwa wangali wakivuta pumzi siku ambayo wengine hukunja majamvi ya matanga. Na tarehe 26 Januari, 2017, wachimbaji 15, mmoja wao Mchina, walifukiwa huko Nyarugusu, Geita. Siku ya tatu wote walitolewa wazima. Ndiyo maana mwenye imani hafanyi haraka kusema, “Yamekwisha.” Nabii Yunus (A.S.) alikuwa katika giza la usiku, giza la bahari na giza la tumbo la samaki, naye hakuwa na mtu wa kumchimbua. Alichokuwa nacho ni kumpwekesha Mola wake na kukiri udhaifu wake, na ikamtosha.

Walakini, asije mtu akasema kwamba watano wale waliokoka kwa kuwa walimtegemea Mungu kuliko yule wa sita. Maneno hayo ni mazito, na hayatupasi. Sisi hatujui yaliyokuwa moyoni mwa mtu yeyote kule chini. Mara nyingi twawahubiria watu subira kana kwamba ni bei ya kununulia wokovu: ukisubiri utapewa, usipopewa hukusubiri. Sivyo hivyo. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ameeleza kuwa atawajaribu waja wake kwa hofu, njaa na upungufu wa mali, nafsi na matunda, kisha akawapa bishara wenye kusubiri. Upungufu wa nafsi maana yake ni mauti. Basi mama ambaye mwanawe hakupanda juu tena naye yumo katika bishara ile ile.

Wala subira si kukauka macho. Nabii Yaaqub (A.S.) aliahidi subira njema, naye huyo huyo alilia hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Lililokatazwa ni kujipiga mashavu, kupasua nguo na kutamka yasiyomridhisha Mola. Wanaume wa huku, hasa, huwakaripia watoto wao waliofiwa, “Nyamaza, wewe mwanamume!” Hilo silo fundisho la Mtume.

Watoto wa madrasa huuliza swali gumu zaidi: msiba utamshukurije Mungu? Nami naona ugumu huo twauweka mahali pasipo pake. Nimewaona watu wengi wakishukuru katika dhiki. Aliyevunjika mguu hushukuru kwamba hakuvunjika shingo. Shukrani inayotushinda ni ile ya siku ya kupata. Kijana akipata mawe mazuri, karasha likasaga, mwaloni ikaonekana dhahabu, wiki moja haipiti illa fedha yote imekwisha kwa starehe, na nyumbani mama hana unga. Imam Shafii amefundisha kwamba dhahabu ya machimbo ikifika nisabu, ambayo ni kadiri ya gramu 85, hutolewa zaka robo ya fungu la kumi pale pale inapopatikana na kusafishwa, bila ya kungoja mwaka upite. Wangapi katika sisi tuliokaa juu ya dhahabu tumepata hata kuisikia hukumu hii?

Tena liko jambo la kutisha. Moyo ukikosa tegemeo kwa Mungu hautulii bure, bali hutafuta mtu wa kumlaumu au kitu cha kuleta bahati. Katika mikoa yetu hii vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na pengine ushahidi wote ni macho mekundu, nayo ni mekundu kwa moshi wa kuni. Ndugu zetu albino wameuawa na kukatwa viungo, ati viungo vyao vyaleta dhahabu na samaki. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Nyumba inayopeleka kuku kwa mpiga ramli kwa sababu duara halitoi, hiyo imekwisha kuanza safari inayofika huko.

Na tawakali yenyewe? Bedui alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa afunge kisha ategemee. Ngamia wetu huku ni matimba. Mwenye duara anayebania magogo ya kuzuia ukuta, kisha akawaambia vijana “Tawakali kwa Mungu, shukeni,” huyo ametawakali kwa roho za watu.

Neno la mwisho ni la wale wanaongoja mtu asiyejulikana kama yu hai. Sheria yenyewe imewafundisha subira kwa hukumu: mali ya aliyepotea haigawanywi kwa dhana, wala mkewe haozwi kwa uvumi. Kwa kauli mpya ya Imam Shafii, mke hungoja mpaka ipatikane yakini. Sayyidna Umar alihukumu angoje miaka 4, kisha akae eda ya miezi 4 na siku 10, na kauli hiyo ndiyo aliyoishika Imam Malik. Walio na jambo hili nyumbani wasiamuliane wenyewe kwa wenyewe barazani. Wampelekee Kadhi au shekhe mwenye elimu, na wakati wa kungoja huyo mwanamke apelekewe unga.