Authy ya kompyuta imekwisha: namna ya kuhamisha namba zako bila kufungiwa nje

BUJUMBURA – Kompyuta ya ofisi hukaa mahali pamoja. Simu husafiri: leo iko Bujumbura na mwenye kampuni, kesho iko Kobero, keshokutwa iko bandarini Dar es Salaam. Ndiyo maana programu ya Authy ya kompyuta iliwafaa watu wa uwakala wa forodha na usafirishaji. Karani aliweza kusoma palepale mezani zile tarakimu 6 zinazoombwa baada ya neno la siri, bila kumsumbua bosi aliye safarini.

Programu hiyo haipo tena. Kampuni ya Twilio ya Marekani, ambayo iliinunua Authy mwaka 2015, ilitangaza Januari 2024 kwamba matoleo ya Windows, macOS na Linux yangefungwa Agosti mwaka huo. Kisha ikafupisha muda hadi Machi 19. Waliopuuza tangazo waliendelea kuitumia kwa miezi michache, lakini ilipofika Agosti wakatolewa kwa nguvu, na baadhi yao wakagundua kuwa si namba zao zote zilizokuwa zimefika simuni. Authy ya simu, ya Android na ya iPhone, iliachwa iendelee.

Ili kujua la kufanya, kwanza tuelewe namba hizo hutoka wapi. Siku unapowasha ulinzi wa hatua mbili, huduma yako, tuseme Gmail, na programu yako hupeana siri moja. Ni mfuatano mrefu wa herufi uliofichwa ndani ya ile picha ya QR unayoipiga kwa kamera. Baada ya hapo pande hizo mbili haziwasiliani tena. Kila upande huchanganya siri ile na saa, na zote hupata namba moja inayobadilika kila sekunde 30. Kanuni hiyo huitwa TOTP. Ilichapishwa mwaka 2011 na iko wazi kwa wote, na kwa sababu hiyo programu ya kampuni moja inaweza kushika nafasi ya nyingine.

Kwa msafirishaji, faida yake ni kwamba haihitaji intaneti wala mtandao wa simu. Dereva ambaye laini yake ya Burundi imekataa kushika ng'ambo ya mpaka bado anapata namba. Anayetegemea SMS atangoja.

Lakini saa lazima iwe sahihi, na hapa njia ya Kobero ina mtego wake. Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi. Simu inayojirekebisha yenyewe haina tatizo, kwa kuwa programu huhesabu kwa saa ya dunia, si ya nchi. Anayesogeza mshale kwa mkono bila kubadilisha eneo la saa ndiye atakayekuta kila namba inakataliwa, akadhani akaunti imeibwa. Rudisha saa kwenye mpangilio wa kujiendesha, na namba zitakubaliwa.

Sasa kuhama. Authy haina njia ya kutoa siri zake zote kwa pamoja na kuzipeleka kwenye programu nyingine. Kazi ni ya akaunti moja moja, na inachosha. Unaingia kwenye akaunti kwa namba ya Authy, unafungua sehemu ya usalama, unachagua kubadilisha programu ya uthibitisho, unapiga picha ya QR mpya kwa programu mpya, kisha unaandika namba iliyotokea ili huduma ijue mmeelewana. Siri ya zamani kwa kawaida hufa papo hapo. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua nyingine zote. Usifute Authy hadi umetoka katika akaunti ya mwisho na kuingia tena kwa programu mpya. Huduma chache zilitumia namba za Authy yenyewe, zenye tarakimu 7. Hizo hazihami, itabidi uzime ulinzi huo na kuuwasha upya kwa njia nyingine.

Aliyekuwa na Authy kwenye kompyuta tu anapaswa kuiweka kwenye simu kwa namba ileile ya simu aliyojiandikishia. Kama ilikuwa laini ya Tanzania au ya Kongo iliyokwishafungwa, ana kazi kubwa mbele yake. Siri zitashuka zikiwa zimefungwa kwa neno la siri la nakala za akiba, na Twilio yenyewe hailijui. Aliyelisahau na asiye na kifaa kingine kilichofunguka itambidi apitie kila huduma kuomba arudishiwe akaunti yake.

Hapo ndipo karatasi inapookoa. Huduma nyingi hutoa orodha ya namba za dharura, kila moja ya kutumika mara moja. Zichapishe, na zisikae dukani peke yake. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, vitu vilivyokuwa ndani viliteketea pamoja nalo. Nakala moja ikae nyumbani.

Wapi pa kuhamia? Anayetaka kubaki na kompyuta anaweza kutumia Ente Auth, ambayo iko kwenye simu na pia kwenye Windows, macOS na Linux, au KeePassXC, ambayo huweka kila kitu katika faili moja lililofungwa ndani ya mashine yako. Aegis ni nzuri kwa Android pekee. Google Authenticator tangu Aprili 2023 inaweza kuhifadhi namba kwenye akaunti ya Google, lakini basi akaunti hiyo ikitekwa, vyote vimekwenda. Kwa maoni yangu ofisi ya uwakala inahitaji simu ya pili ya bei nafuu, isiyotoka mezani, yenye siri zilezile. Kuweka maneno ya siri na namba katika kompyuta moja ni kufunga milango miwili kwa ufunguo mmoja.

Si mambo madogo haya. Barua pepe ya wakala ina hati za shehena, ankara na mawasiliano na benki. Mwizi anayeingia humo haibi siku hiyohiyo. Husoma kimya, hungoja ankara ya mzigo, kisha hutuma nyingine inayofanana nayo kabisa isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Mteja hulipa, na ugomvi huanza kontena likiwa limekaa bandarini.

Wanaobaki na Authy ya simu nao wakae macho. Mwanzoni mwa Julai 2024 Twilio ilikiri kuwa wadukuzi waliweza kutambua namba za simu za wateja wa Authy. Orodha iliyowekwa hadharani ilikuwa na namba milioni 33. Siri zenyewe hazikutajwa kuvuja, lakini mwenye orodha anajua nani wa kumtumia SMS za ulaghai.

Na karani akiacha kazi, kubadilisha neno la siri hakutoshi. Siri ya QR aliyoipiga kwa simu yake bado anayo na inaendelea kutoa namba sahihi. Tengeneza QR mpya siku hiyohiyo anapokabidhi funguo za ofisi.