Je, Wajua? Faili la Nyota Lina Siri Zake

Nyota nyingi hubadilika mng'ao, na vipimo vyake huhifadhiwa kwenye mafaili ya kompyuta. Programu isiyojua faili limetoka wapi inaweza kulisoma vibaya, tena bila kulalamika.

Namba ndogo, mng'ao mkubwa
Je, wajua kwamba nyota angavu hupewa namba ndogo ya mng'ao, iitwayo magnitudi? Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, ina magnitudi -1.46, na zilizo hafifu kabisa kwa jicho tupu hufika karibu 6. Tofauti ya magnitudi 5 ni mng'ao mara 100, kwa kanuni aliyoipendekeza Norman Pogson mwaka 1856. Lakini mafaili ya darubini za angani za Kepler na TESS huonyesha elektroni kwa sekunde, na hapo namba kubwa ndiyo mng'ao mkubwa. Ukizichanganya bila kuzigeuza, nyota inayofifia itaonekana inawaka.

Siku inayoanza alasiri
Wanaastronomia huhesabu siku mfululizo tangu mwaka 4713 KK. Siku yao hubadilika saa sita mchana ya Greenwich, yaani saa tisa alasiri ya Nairobi na Dar es Salaam, ili usiku mmoja wa kazi usigawanyike kati ya tarehe mbili.

Namba moja, tarehe mbili
Hesabu hiyo imeshapita siku milioni mbili, kwa hiyo namba hufupishwa. Mafaili ya Kepler hupunguza 2,454,833. Ya TESS hupunguza 2,457,000. Basi 1325.3 katika faili la TESS ni Julai 25, 2018. Isome kwa kanuni ya Kepler, utapata Agosti 2012, zaidi ya miaka mitano kabla TESS haijarushwa!

Dakika nane za njiani
Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 19. Dunia inapolizunguka Jua, mwanga wa nyota nao huweza kuwahi au kuchelewa kwa kiasi hichohicho. Mafaili mengine yamesharekebisha saa, mengine bado. Kwa nyota ya Algol, ambayo hufunikwa na nyota mwenzake kila baada ya siku 2.87, kuyachanganya mafaili hayo huharibu hesabu ya kupatwa kwake.

Alama ndogo, maana kubwa
Katika taarifa za AAVSO, shirika la watazamaji wa nyota lililoanzishwa Marekani mwaka 1911, "<13.5" maana yake nyota haikuonekana: ilikuwa hafifu kuliko 13.5. Programu ikiidondosha alama hiyo, nyota isiyoonekana inageuka kipimo halisi.

Ndiyo maana VStar, programu ya bure ya AAVSO, huongezewa visomaji maalumu kwa vyanzo mbalimbali. Nawe ukihifadhi vipimo vyako, andika juu kabisa ya faili mambo matatu: kizio cha mng'ao, siku zimehesabiwa kuanzia wapi, na kama saa imerekebishwa. Nyota nyingine huhitaji kufuatiliwa kwa miongo mingi, na atakayeendeleza kazi hiyo huenda asipate nafasi ya kukuuliza.