Kitalu cha Uani: Kuotesha Mboga kwa Mbegu Kabla ya Masika

Pepo za kaskazi zikianza kulegea na joto likawa la kumtoa mtu jasho hata kivulini, mkulima wa pwani huwa tayari amekwisha kuwaza mvua. Masika yetu huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na kufikia kilele chake Mei. Anayetaka mvua hizo zikute miche iliyosimama, wala si mbegu ambazo zitasombwa na maji, hana budi kuanza wiki nne hadi nane kabla. Makala haya ni kwa asiyewahi kuotesha kitu, mwenye ua mdogo au sakafu ya juu ya nyumba, asiye na jembe wala shamba.

Mengi ya haya niliyajua mwaka juzi, kwa sababu ya msiba. Jirani yetu mmoja wa hapa Mji wa Kale, Mombasa, mama mtu mzima, alifiwa na mumewe mwanzoni mwa Februari, akaketi eda: miezi minne na siku kumi nyumbani mwake, asitoke ila kwa dharura. Marehemu ndiye aliyekuwa akienda Marikiti kila asubuhi. Baada yake wanawe wakawa wanamletea mama yao mboga kwa zamu, na zamu, kama tujuavyo, huanza kwa bidii na kuishia kwenye simu. Yeye hakulalamika. Siku moja tu nilipokwenda kumtazama alinambia, "Mwanangu, sikuzoea kungojea fungu la mchicha kama ningojeaye barua." Kisha akaniuliza iwapo mbegu za mboga huuzwa kwa pakiti ndogo ndogo.

Eda humzuia mwanamke kujipamba na kutoka. Haimzuii kazi ya mikono ndani ya ua wake. Na ua alikuwa nao: hatua sita kwa nne, jua la asubuhi mpaka saa tano, ukuta mrefu wa mawe, besheni lililopasuka, ndoo mbili za zamani na rundo la vifuu.

Tulianza kwa kukosea. Kwanza, mbegu. Nyumbani kwangu palikuwa na pakiti mbili za saladi na nyanya ambazo mgeni aliziacha alipokuja kutoka Uingereza, nazo zimeandikwa zioteshwe Machi, ndani ya nyumba, mahali penye joto, karibu na dirisha. Machi ya huko ndiyo mwanzo wa kutoka kwenye baridi. Machi yetu ndiyo mwisho wa joto kali la mwaka. Mbegu ya saladi hugoma kuota joto linapopita nyuzi 30 hivi, nasi tulikuwa tumekwisha pita hapo. Haikuota hata moja. Baadaye nikajua pia kuwa mbegu haziingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kwa khofu ya kuleta maradhi yasiyokuwapo. Basi tusiwaagize jamaa zetu wa ng'ambo watutilie mbegu mikobani. Madukani mwetu zimo aina zilizozoea hali yetu.

Lakini hata dukani pana la kutazama. Pakiti iliyokaa miezi kwenye kibao cha nje ikipigwa na jua huwa imekufa kabla hujailipia. Soma tarehe, na uiombe iliyowekwa ndani. Ukiona mbegu zimepakwa rangi nyekundu au ya waridi, jua zimetiwa dawa: hazionjwi, hazichezewi na watoto, na mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kuzishika. Neno F1 kwenye pakiti lina maana kuwa mbegu hiyo imetokana na kuchanganya wazazi wawili, na mbegu utakazozitoa kwenye matunda yake hazitakurudishia mmea ule ule. Anayetaka kujiwekea mbegu zake mwenyewe mwaka hadi mwaka aache F1, achague za kawaida kama Cal J au Money Maker kwa nyanya.

Kabla ya kupanda, jaribu. Hili ni jambo dogo ambalo huokoa mwezi mzima. Chukua mbegu kumi, zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikunje, ukitie ndani ya sahani iliyofunikwa, uiweke kivulini, na kila siku uhakikishe hakijakauka. Mchicha huchungulia baada ya siku tatu au tano, nyanya siku tano hadi kumi, pilipili na mabiringani huweza kukawia hata wiki mbili. Zikiota saba na zaidi, mbegu ni nzima. Zikiota nne, ama panda maradufu ama nunua nyingine. Mama yule alikuwa akikikunjua kitambaa chake kila baada ya sala ya alfajiri, na asubuhi aliyoona kikia cheupe kimetoka kwenye mbegu ya nyanya alinipigia simu kabla hakujapambazuka. Katika Sura ya Al-An'am, Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa ndiye mwenye kuipasua mbegu na kokwa. Tunaisoma aya hiyo tangu chuoni, na wengi wetu hatujapata kuitazama mbegu ikipasuka.

Udongo wa uani katika nyumba zetu kongwe haufai peke yake, kwa kuwa umejaa chokaa na vifusi. Tulitafuta udongo mweusi wa chini ya mti, vibaba viwili. Samadi ya mbuzi iliyokwisha oza hata haina harufu, kibaba kimoja. Na mchanga wa mtoni, kibaba kimoja. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usiuguse. Mchanganyiko huo tukaumwagia maji yanayochemka ili kuua vimelea vya ukungu na mayai ya wadudu, tukauacha upoe usiku kucha. Besheni tukalitoboa chini. Tundu za kutolea maji si hiari, kwani mizizi iliyokaa ndani ya maji huoza.

Hapa pana masuala ambayo akina mama waliniuliza zaidi kuliko ya kilimo chenyewe. Samadi kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, lakini kuitumia kurutubisha ardhi kumeruhusiwa, na mmea uliomea humo ni tohara. Huoshwa pale palipoguswa na samadi. Anayeitia mikono basi avae nguo ya kazi, na aoshe mikono kabla ya sala. Ama maji yaliyokwisha tumika kwa udhu, hayo ni tohara ijapokuwa hayatohalishi tena, na kuyanyweshea mimea hakuna ubaya. Kwa nyumba yenye watu watano wanaotawadha mara tano, hayo si maji haba. Mama yule aliweka karai chini ya mfereji, na miche yake ilinyweshwa takriban yote kutoka humo. Faida nyingine ni kwamba ilisalimika na maji ya kisima, kwani visima vingi vya kisiwa hiki vina munyu, na mche mchanga, hasa wa pilipili, hauwezi munyu.

Mbegu huzikwa kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, basi. Wengi huzizika kama wanaficha mali. Mbegu ya mchicha, ambayo ni ndogo kuliko ya ufuta, changanya na mchanga mkavu ili isirundikane, inyunyize kwenye mistari, uifunike kwa vumbi la udongo tu. Sisimizi huibeba wakikuachia, kwa hiyo inua besheni juu ya mawe na uzungushe jivu. Kunde na mabenda hazina haja ya kitalu, kwa kuwa mizizi yake haipendi kuhamishwa. Panda pale pale zitakapokulia, mabenda yakiwa yamelowekwa usiku mmoja ili ganda lilainike. Kotmiri iponde kidogo kwanza, maana kile kidude cha mviringo ndani yake mna mbegu mbili.

Tukafunika besheni kwa kipande cha kuti, na hapo ndipo tulipopata kosa letu kubwa. Miche ya nyanya iliota siku ya sita. Mimi, kwa huruma, nikashauri tuiachie kuti lake juani kwa siku mbili tatu zaidi, na tuinyweshe asubuhi, adhuhuri na magharibi. Ikarefuka, ikawa myeupe, myembamba kama nyuzi, ikitafuta mwanga. Asubuhi ya siku ya tisa tukaikuta yote imelala, shingo zimesinyaa pale zinapogusana na udongo, kana kwamba mtu kaibana kwa vidole. Maradhi hayo wakulima huyaita kinyausi. Huletwa na ukungu, na ukungu huo hupenda mambo matatu: unyevu usiokauka, msongamano na giza. Vyote vitatu niliviandaa mimi. Mama hakusema neno, lakini nilimwona akiokota mche mmoja mmoja na kuupanga kando, na nikakumbuka kuwa nyumba ile ilikuwa imekwisha zika mwezi ule. Sikujua niseme nini. Kesho yake nilipokwenda nilimkuta ameshachemsha maji mengine ya udongo.

Mara ya pili, mwanzoni mwa Machi, tulifanya hivi. Kuti liliondolewa siku ile ile mche wa kwanza ulipotokeza, likainuliwa juu ya vijiti kiasi cha goti ili lichuje jua la mchana bila kuziba upepo. Maji yalitiwa mara moja, asubuhi, ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Kidole kikizama na kukuta unyevu, siku hiyo hapatiwi kitu. Na miche ikapunguzwa. Kupunguza ndiko kunakomshinda anayeanza, kwa kuwa kila mche anauona ni mtoto wake. Lakini miche ishirini mahali pa mitano haitoi hata mmoja wa maana. Ya mchicha inayong'olewa hupikwa, basi hapana hasara.

Yale majani mawili ya kwanza si majani ya kweli. Ni chakula mbegu ilichojiwekea. Majani ya kweli yakifika mawili, kila mche wa nyanya ulihamishiwa ndani ya kifuu chake. Kifuu cha upande wenye macho kinafaa zaidi, kwani jicho moja ni laini, ukilidunga kwa msumari maji hupata njia. Ukiubeba mche, shika jani, usishike shina: jani likikatika litaota jingine.

Kunguru walitujia pia, kama wanavyoijia kila nyumba ya Mombasa, wakang'oa vichache. Mama alisema hayo yameandikwa. Alikusudia ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anacholiwa Muislamu katika alichokipanda, awe mlaji ni ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Kisha akafunika kwa wavu wa zamani wa samaki.

Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, maji hupunguzwa na kuti huondolewa kidogo kidogo, mche uzoee jua. Nyanya huwa tayari baada ya wiki nne au tano, ukiwa na urefu wa shubiri. Pilipili na mabiringani wiki sita hadi nane. Hamisha baada ya alasiri, au siku ya mawingu, ukiwa umeunywesha mche kwanza ili utoke na udongo wake. Kwa nyanya, siri ya masika ni kuzuia mvua isiyapige majani, kwa kuwa maradhi ya ukungu huenea kwa maji yanayoruka kutoka udongoni. Sisi tuliweka ndoo chini ya upenu, tukatandika makumbi juu ya udongo, tukaikaza miche kwa fito. Hata hivyo, kati ya miche kumi na miwili, iliyozaa ni minne. Ndiyo maana husema anayeanza asianze na nyanya pekee, ingawa najua ndiyo aitakayo, hasa bei inapopanda Kongowea baada ya mvua kuharibu barabara. Aanze na mchicha, kunde na mabenda, nyanya iwe ya majaribio.

Mchicha wa kwanza mama aliuchuma mapema Aprili, siku ambayo zamu ya mboga haikuwa ya mtu. Akaupika kwa tui, akanipelekea bakuli, na bakuli jingine akampelekea mwanawe wa kwanza kwa mkono wa mjukuu, bila ujumbe wowote. Mboga zikaanza kwenda kwa wana badala ya kutoka kwao. Mabenda yalifuata Mei. Mashina matatu ya mchicha aliyaacha makusudi yatoe maua na kukomaa.

Alitoka eda katikati ya Juni, wiki ile ile nyanya ya kwanza ilipoanza kugeuka rangi. Nilipokwenda kumpa mkono alikuwa amekwisha vaa buibui, anajiandaa kwenda kuzuru. Alinipa kifurushi cha karatasi ya daftari. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi za mchicha, zimekauka vizuri, zinang'aa. Aliniambia niziweke ndani ya kopo linalofunga kabisa, pamoja na kijiko cha mchele mkavu wa kunyonya unyevu, maana hewa ya pwani huua mbegu kabla ya mwaka kwisha. Na nikitaka kuzipanda, akasema, nijaribu kumi kwanza kwenye kitambaa.