Mashine ya Ubongo: Je, Tuuze Ng'ombe?



Katika kikundi kimoja karibu na soko la Chwele, mama mmoja aliomba apewe zamu yake ya merigoraundi mapema. Mtoto wake wa miaka tisa hajaanza kusema, na alipopimwa ilionekana ana usonji. Kuna mtu mjini alimwambia iko mashine ya sumaku inayoamsha ubongo, na akiipata mtoto ataongea. Mama alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa ng'ombe. Wenzake walinyamaza, maanake hakuna aliyejua ukweli. Basi tuelezane.

Mashine yenyewe iko?

Ndiyo, iko. Si uganga wala si uongo. Ilitengenezwa mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake katika mji wa Sheffield, Uingereza.

Inafanya kazi namna gani?

Fikiria dainamo ya baiskeli. Ukikanyaga pedali, sumaku inazunguka karibu na waya uliosokotwa, na taa inawaka. Sumaku inayobadilika inazaa umeme. Michael Faraday aligundua jambo hilo mwaka 1831. Ubongo wetu nao hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Daktari huweka waya uliosokotwa juu ya kichwa, na mashine inatoa nguvu ya sumaku kwa mapigo ya haraka. Nguvu hiyo hupita kwenye fuvu na kuzaa umeme kidogo katika sehemu ya juu ya ubongo. Hakuna kupasuliwa, hakuna nusukaputi. Mgonjwa hukaa kwenye kiti akiwa macho, anasikia mlio wa ko-ko-ko, kisha anaenda nyumbani.

Hii si ile shoti ya umeme tunayosikia watu wakiizungumzia. Shoti ilianza Roma mwaka 1938. Siku hizi hutolewa kwa nusukaputi, nayo husaidia wagonjwa wengine walio na hali mbaya sana, ingawa inaweza kuvuruga kumbukumbu.

Inatibu nini?

Mwaka 2008 Marekani iliikubali kwa watu wazima wenye unyogovu, yaani huzuni nzito isiyoisha, ambao dawa zilishindwa kuwasaidia. Mwaka 2018 ikakubaliwa pia kwa wale wanaosumbuliwa na mawazo yanayojirudia na kuwalazimisha kurudia matendo, kama kunawa mikono bila kukoma. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati.

Kwa usonji, bado haijathibitishwa kuwa ni tiba. Watafiti wanaendelea kujaribu. Anayekuambia mtoto ataongea kwa hakika, huyo anauza kitu ambacho hana.

Kuna hatari?

Wengi huumwa kichwa kidogo. Mara chache sana mtu anaweza kushikwa na kifafa. Kwa hiyo mwenye kifafa lazima aseme mapema, na tukumbuke kwamba watoto wengi wenye usonji huwa na kifafa pia. Aliye na chuma ndani ya kichwa, au kifaa cha kusaidia moyo, asiikaribie kabla daktari hajampima.

Gharama je?

Usihesabu bei ya mashine peke yake. Matibabu ya unyogovu kwa kawaida huwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Hiyo ni mara 20 hadi 30. Mtu wa Chwele atalipa nauli hizo zote au apange chumba mjini, na shamba linalimwa na nani?

Kabla ya kulipa, uliza hivi:

1. Je, anayetibu ni daktari mwenye leseni ya mwaka huu kutoka Baraza la Madaktari?
2. Ugonjwa huu umepimwa na nani, na dawa gani zimejaribiwa kwanza?
3. Tusipoona nafuu, tutafanya nini?

Una haki ya kujibiwa. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inataka mgonjwa aelezwe tiba na akubali kwanza.

Sisi tunaweza kufanya nini hapa?

Mengi. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, watu wenye unyogovu katika vijiji 30 walifuatiliwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2003. Kwa wiki 16 baadhi yao walikutana katika vikundi, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa. Mwishoni, kati ya waliokutana, chini ya 1 kwa kila 10 ndio waliobaki na unyogovu. Kati ya wale ambao hawakuwa na vikundi, zaidi ya nusu walibaki nao.

Hata hapa kwetu Bungoma, pamoja na Moshi, Tanzania, watoto yatima 640 walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Washauri hawakuwa wataalamu wa akili, walifunzwa tu. Watoto wa Bungoma waliopata mazungumzo hayo walipungukiwa na dalili za mshtuko wa kufiwa kuliko wale waliopata misaada ya kawaida.

Na kwa mtoto mwenye usonji, anzeni na kituo cha EARC. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka 1984 kupima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shule. Mtoto asiyesema anaweza kufundishwa kuonyesha kwa picha na ishara anachotaka. Kazi hiyo ni ya pole pole, ya kila siku, na mzazi mmoja peke yake huchoka.

Yule mama bado ana ng'ombe wake. Kikundi kilimpa nauli ya kwenda kupimisha mtoto tena, na majirani wawili wanapokezana kukaa naye siku ya soko, mama auze mboga.

Jadilini kikundini: Ni nani kati yetu analea mtoto kama huyu bila msaada? Tutampa nini wiki hii, hata kama si pesa?