Saa ya Mamilioni na Nauli ya Mgonjwa

Mnamo Novemba 2019, mjini Geneva, saa ya mkononi iliyotolewa na watengenezaji wake, Patek Philippe, ilinadiwa kwa faranga milioni 31 za Uswisi. Fedha hizo zilikusudiwa utafiti wa maradhi ya Duchenne, yanayodhoofisha misuli ya watoto, hasa wavulana.

Mnada wa kheri si jambo geni kwetu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimnadia Ansari maskini tandiko na bakuli kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha ahali zake, ya pili ya shoka la kukatia kuni.

Enyi mama zetu wa Chewele, saa ya mamilioni hatuna. Lakini mkeka, mbuzi au debe la maembe, vikinadiwa baada ya Ijumaa, huweza kumfikisha mgonjwa hospitalini Hola. Basi na tuanze.