Motokaa Yako Yala Petroli na Haivuti?

Wewe mkulima wa Shimba Hills upelekaye machungwa na mboga Mombasa kwa motokaa ndogo ya zamani, safari hii waijua vyema. Alfajiri wateremka Kwale, washika barabara kuu mpaka Likoni, wangoja feri, wapanda ule mwinuko wa upande wa kisiwani, kisha wapenya katikati ya mikokoteni mpaka Marikiti, ukingoni mwa Mji wa Kale. Lakini siku hizi motokaa yaonekana kunywa petroli kupita kiasi, na mlima wa Kwale uliokuwa ukiupanda kwa gea ya tatu, leo waupanda kwa gea ya pili. Faida ya machungwa yaishia katika tangi.

Hapo ndipo watu wengi hupoteza mali. Fundi wa kwanza asema injini imechoka, yafaa ifunguliwe. Huenda ni kweli. Lakini kufungua injini ni kazi ya gharama kubwa, na mara nyingi kosa ni dogo, la kutengenezwa kwa spana na kitambaa. Basi usikubali injini ifunguliwe mpaka umeyafanya haya tutakayokueleza.

PIMA KWANZA

Usiamini sindano ya geji ya petroli, wala usihesabu shilingi ulizolipa, maana bei ya petroli hutangazwa upya kila mwezi. Jaza tangi mpaka shingoni, uandike kilomita zilizo kwenye saa ya motokaa. Nenda safari zako, kisha jaza tena mpaka pale pale, kwa pampu ile ile kama yawezekana. Ukiwa umekwenda kilomita 180 na tangi limepokea lita 20, basi lita moja imekupeleka kilomita 9. Fanya hivyo mara tatu, maana mara moja haitoshi kuwa ushahidi.

Tena pima safari za namna mbili mbali mbali: ile ya soko, na nyingine ya barabara wazi isiyo na feri. Tuseme barabara wazi yakupa kilomita 12 kwa lita, na safari ya soko yakupa 8. Hapo motokaa yenyewe huenda haina kosa kubwa. Petroli yaliwa na safari. Injini ndogo ikinguruma bila kwenda hula karibu nusu lita mpaka lita nzima kwa saa moja. Foleni ya Likoni ikiwa ndefu, zima injini. Na katika Mji wa Kale usiingize motokaa vichochoroni bila haja. Njia zile zilijengwa kwa watu wa miguu na punda, na dereva huko hukaa kwenye gea ya kwanza na mguu juu ya klachi. Teremsha mzigo ukingoni, ulipe mkokoteni uumalizie.

Lakini ikiwa hata barabara wazi matokeo ni mabaya kuliko zamani, endelea kutafuta.

KITU GANI KINAIZUIA?

Tazama tairi asubuhi kabla hazijapata joto, uzitie upepo kama ilivyoandikwa katika kitabu cha motokaa au katika kibati cha mlangoni. Kisha tazama chini ya motokaa iliyolala usiku kucha. Ukinusa petroli, fuata mpira wake toka tangi mpaka kabureta, nawe usitumie kibiriti wala taa ya moto.

Breki ndizo hasa adui wa motokaa za pwani. Upepo wa bahari una chumvi, nayo chumvi hula waya wa breki ya mkono na vyuma vilivyo ndani ya dramu, hata breki haziachii sawasawa ukiinua mguu. Motokaa huenda huku imeshikwa, na wewe wadhani injini imekosa nguvu. Kwenda kilomita chache barabara ya tambarare bila kukanyaga breki sana, kisha simama na ukaribishe mkono kwenye kila gurudumu. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, umempata mwizi. Usipime mara tu baada ya kuteremka Kwale, kwani hapo yote huwa ya moto.

Klachi nayo huwadanganya watu. Ukiwa mlimani na injini yapandisha sauti lakini mwendo hauongezeki, klachi yateleza. Injini ni nzima.

INJINI YENYEWE

Sasa jiulize swali moja: je, motokaa ni dhaifu na tena yala petroli nyingi, au ni dhaifu tu? Ikiwa ni dhaifu tu, yasimama vizuri sokoni lakini yakatikakatika ikipanda mlima na mzigo, mara nyingi yakosa petroli: chujio limeziba, au pampu haina nguvu. Ikiwa ni dhaifu na yala, shuku hewa, moto, au joto.

Anza na chujio la hewa. Vumbi la barabara ya murramu laweza kuliziba upesi kuliko kitabu kisemavyo. Lile la karatasi lishike juani. Usipoona nuru, badilisha. Lile la oili lioshe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ulitie oili mpya. Kisha tazama choki. Waya ulioshika kutu huiacha nusu imefungwa siku nzima, na injini hunywa kama ya alfajiri.

Injini ikipoa, toa plagi moja moja na uzipange kwa taratibu yake. Rangi ya kahawia au kijivu ni njema. Masizi meusi makavu maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Weusi wenye mafuta ya majimaji maana yake oili yapita kwenye ringi au valvu. Plagi nyeupe kabisa husema injini yapata petroli kidogo au ina joto mno.

Motokaa yenye pointi ndani ya distributa yataka kuangaliwa zaidi. Kile kipande cha pointi kinachosugua huliwa polepole, nafasi hupungua, na moto wa plagi huchelewa. Hakuna kelele wala moshi. Motokaa hulegea tu mwezi baada ya mwezi, na wewe wazoea kukanyaga zaidi. Mwambie fundi arekebishe pointi kwanza, ndipo apime taiming. Akifanya kinyume, kazi yake yaharibika.

Kuna ushauri mmoja wa barazani ambao twaukataa: ati pwani ni joto, basi themostati itolewe. Injini bila themostati huchukua muda mrefu kupata joto lake, hula petroli, na huliwa upesi. Motokaa za karibuni zisizo na kabureta huathirika vile vile, maana chombo chao cha umeme hudhani injini bado baridi na huzidi kumwaga petroli. Hizo zikiwasha taa ya onyo ya injini, mtafute fundi mwenye mashine ya kuzisoma.

Petroli yenyewe huweza kuwa na kosa. Mchanganyiko wa mafuta ya taa ulienea hata mwaka 2018 serikali ikaweka kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Injini ikianza kugonga mlimani mara baada ya kujaza mahali fulani, jaza pengine uone.

Na kama motokaa yako ni ya miaka ya 1960 au 1970, jua ya kuwa nyingi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ililinda vikalio vya valvu. Bila hiyo, vikalio laini huliwa ukipanda na mzigo mzito, nafasi ya valvu huisha, na valvu hazifungi. Zipimwe nafasi hizo.

Yote hayo yakiisha na mlima bado wakushinda, hapo ndipo fundi apime mgandamizo kwa geji yake, plagi zote zikiwa zimetolewa. Silinda moja ikiwa chini, atie kijiko cha oili katika tundu lake apime tena. Mgandamizo ukipanda, kosa ni ringi. Usipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya kichwa. Andika namba hizo zote mwenyewe, umwonyeshe na fundi wa pili kabla ya kukubaliana bei.