Kebo ya Nyuzi za Kioo Kati ya Ghala, Kinu na Ofisi ya Chama

Tangu Tume ya Maendeleo ya Ushirika ilipoanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao kwa kifupi MUVU, hesabu za vyama vya msingi zimekuwa zikihama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Chama chenye ghala, kinu na ofisi katika majengo mbalimbali kinalazimika sasa kuyaunganisha majengo hayo kwa waya, ili uzito uliopimwa ghalani uonekane ofisini pale pale. Waya huo ukiungua katikati ya msimu wa ununuzi, uzito wa mkulima hupotea, au huandikwa mara mbili, na ugomvi wake hufika mkutano mkuu. Kwa hiyo uchaguzi wa waya si jambo la kuachiwa muuza duka.

Nyanda za juu za Kigoma ni nchi ya radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa Kabare, mashariki mwa Kongo, hupata mimweko ya radi ipatayo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, idadi ya kwanza katika Afrika na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kakonko haifikii idadi hiyo, lakini imo katika ukanda uo huo wa Maziwa Makuu. Tena si lazima radi ilipige jengo lenyewe. Ikipiga mti ulio karibu, umeme husambaa ardhini, na ardhi ya ghalani huwa na nguvu tofauti na ardhi ya ofisini. Waya wa shaba uliounganisha sehemu hizo mbili huwa daraja. Umeme hupita humo na kuunguza mizani upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Mota kubwa za kinu nazo huvuruga taarifa zinazopita katika shaba, na shaba ya mtandao wa kompyuta haipaswi kuzidi mita 100.

Nyuzi za kioo, ambazo mafundi huziita faiba, husafirisha mwanga wala si umeme. Ndiyo maana madhara hayo hayazigusi. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alieleza pamoja na mwenzake kwamba kioo kilichosafishwa vya kutosha kingeweza kupeleka habari mbali. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza. Kinachopita kando ya barabara kuu na kinachohitajika kati ya ghala na ofisi ni kitu cha jamii moja. Kilichozidi ni urefu.

Chama chenye jengo moja tu hakihitaji kebo hii, na katibu asikubali kushawishiwa. Kwa chama chenye majengo mawili au zaidi, swali la kwanza ni aina ya uzi. Ziko mbili: maltimodi, ambayo kiini chake kina upana wa maikromita 50, na singomodi, ambayo kiini chake ni maikromita 9 hivi. Maltimodi hufaa kwa mamia machache ya mita. Singomodi hufika kilomita 10 kwa vifaa vya kawaida. Zamani vifaa vya singomodi vilikuwa ghali mno, na maltimodi ikapendelewa viwandani. Tofauti hiyo ya bei imepungua sana, na mikongo ya makampuni ya simu hutumia singomodi. Chama kinachoanza leo kichague singomodi.

Swali la pili lina mgogoro ndani yake. Panya, fuko na mchwa hutafuna kebo, na dawa inayotajwa na wauzaji ni kebo yenye deraya ya chuma. Lakini chuma hicho huirudisha ile njia ya radi iliyokuwa inakimbiwa! Kwa nchi ya radi, chaguo bora ni kebo ya nje isiyo na chuma hata kidogo, yenye nyuzi za kuiimarisha na kinga ya kuzuia maji, ikipitishwa ndani ya bomba gumu la plastiki lililozibwa vizuri ncha zote. Iwapo kebo ya deraya imekwisha kununuliwa, fundi umeme aunganishe chuma chake na waya wa ardhi pale inapoingia katika jengo.

Kebo ifukiwe. Ikining'inizwa kwenye nguzo, moto wa pori wa kiangazi utaifikia. Mtaro uchimbwe kati ya Juni na Septemba, kabla ya mvua, kwa kina cha mita moja hivi, ambacho jembe halifiki, na utepe wa tahadhari ulazwe juu ya bomba kabla ya kufukia. Wakati wa kuvuta, kebo isikunjwe kwa kona iliyo chini ya mara 20 ya unene wake. Ikishatulia, mara 10 yatosha. Mita chache zikunjwe na kubakizwa kila mwisho, maana ncha iliyovunjika haiungiki bila ziada.

Gharama kubwa ni kuchimba na kuunga, si kioo. Mawasiliano ya majengo mawili huhitaji nyuzi 2 tu, lakini kebo ya nyuzi 12 haizidi sana bei, na yafaa inunuliwe hiyo. Ikiwa fedha ni za mkopo, mkopo uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Kazi isipokelewe kwa kuona taa zinawaka. Fundi apime kila uzi, hata ule usiotumika, na kuacha matokeo kwenye karatasi. Maungio ya mashine hupoteza kama desibeli 0.1, upotevu mkubwa aghalabu hutokana na vumbi kwenye ncha, na vumbi la kinu halikosekani, hivyo kila ncha isiyotumika ibaki na kifuniko chake. Mtu yeyote asichungulie ncha ya uzi uliowashwa: mwanga wake hauonekani, lakini huumiza jicho. Vipande vya kioo vikusanywe kwenye chupa, visiachwe sakafuni.

Mwisho, fundi achore ramani ya njia ya mtaro, akipima umbali kutoka kwenye kuta za majengo, si kutoka kwenye miti. Nakala moja ikae katika kasha la chama pamoja na karatasi za vipimo, na nyingine ipelekwe chama kikuu, ili siku wachimbaji wa bomba la maji watakapofika, katibu wa wakati huo ajue pa kuwazuia.